Jenereta ya kujizungusha yenyewe: mbona haiwezi kusaga hata debe moja la mahindi

Swali: «Mwalimu, salamu toka Goma, kartie Ndosho. Kuna fundi mmoja hapa kwetu ametengeneza mashini. Moteri ya pompi ya maji inazungusha gurudumu zito la chuma, gurudumu linazungusha alternateri ya gari, alternateri inarudisha umeme kwa moteri na ule unaobaki unawasha ampuli. Anasema ukishaianzisha na bateri unaweza kutoa bateri, inaendelea yenyewe bila mazuti (dizeli). Mi mwenyewe niliona ampuli tano zinawaka karibu saa nzima. Sasa anakusanya dola 1,500 kwa watu kumi atengeneze kubwa, ya kusaga mahindi kwa koko yetu (mzazi wa mzazi wetu) kule juu ya Minova, na kaka yangu mukubwa ashatoa 150. Mwalimu wa sekondari alituambia haiwezekani juu ya sheria ya fizikia lakini hakueleza. Nani alisema haiwezekani? Na kama ni sheria ya watu, si watu wengine wanaweza kuivunja?»

Mudogo wangu, asante kwa kuuliza mbele ya na wewe kutoa pesa. Nianze na jibu lenyewe: hiyo mashini haiwezi. Sisemi fundi hajui kazi, pengine anasudea (anaunga chuma) vizuri kabisa, na sisemi alternateri ni mbovu, hata mkileta moteri na alternateri za bei kuliko zote duniani, mkaweka grisi safi kwa kila beringi, jibu linabaki lile lile. Kaka mukubwa aombe 150 yake leo. Asingoje mashini kubwa iishe, juu haitaisha, kila wiki kutakosekana kitu kimoja kidogo na hicho kitu kitaomba dola zingine. Hii habari nimeiona zaidi ya mara moja hapa mjini na inaniuma, juu wanaoumia ni watu wa kipato kidogo ambao delestaji, kukatwa umeme kila mara, imewachosha na wanachotaka ni mwangaza na unga tu.

Sasa kwa nini. Wewe ni wa Ndosho, chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, unaijua kunishinda. Angalia ile inayoshuka toka Kibumba, kule mlimani, na magunia ya kabichi, kilo kama 300, mbao tupu, magurudumu ya mbao yamevishwa mpira wa tairi, dereva amesimama juu hasukumi kitu, hakuna moteri wala esanse, na inakimbia mpaka pikipiki zinaipisha. Mutu ambaye hajawahi kuiona anaweza kusema hiki kitu kinajiendesha. Lakini wewe unajua ilifikaje kule juu: kuna mutu aliweka goti moja pale kwenye kipande cha kandambili, mguu mwingine chini, akasukuma mlima mzima ao akalipa lori impandishe. Mwendo wote wa kushuka ulishalipwa wakati wa kupanda. Kabichi zenyewe, utaniambia, ziliota kule kule juu hakuna aliyezipandisha. Ni kweli, lakini maji yaliyozijaza yalifikishwa kule na mvua, na mvua ilipandishwa na jua. Daima kuna mwenye kulipa.

Sasa jiulize hii: chukudu ikifika chini na mwendo wote ule, inaweza kupanda peke yake kilima kingine cha urefu sawasawa na kile ilichoshuka? Haijawahi kutokea hata siku moja. Itapanda kidogo, itapunguza, itasimama. Ukipaka grisi nzuri kwa ekseli itapanda kidogo zaidi, lakini pale ilipoanzia haifiki, na kupita pale ilipoanzia ni kitu ambacho hata dereva mwenyewe hawezi kukuambia. Sasa kile kinachokosekana kimeenda wapi? Siku moja mwombe dereva akufikishe karibu, mwisho wa mteremko, ugusie ule mpira wa tairi anaoukanyaga kufunga breki. Unaunguza, na unanuka mpira umeungua. Ekseli nayo ina moto. Njo huko ilikoenda. Haikupotea, imegeuka joto, na joto limesambaa kwa hewa na kwa barabara na huwezi tena kulikusanya ulirudishe kwa gurudumu.

Hiyo kitu inayogeuka geuka bila kupotea njo tunaiita nishati, na inapimwa kwa juli. Hesabu yake ya kupandisha vitu ni nyepesi: kilo mara 9.81 mara mita. Bidoni ya njano ya lita 20 ukiipandisha mita 10, tuseme gorofa ya tatu, umelipa juli 1,962. Ukiiachia ianguke unarudishiwa juli 1,962, hata moja haiongezeki. Sasa kilowati-saa moja ya umeme ni juli 3,600,000. Gawanya: ni bidoni zaidi ya 1,800 zinaanguka toka gorofa ya tatu. Na ile chukudu ya kilo 300, ikishuka mita 100 za wima, inatoa juli kama 294,000, ambayo inatosha ampuli moja ya wati 10 kuwaka saa nane. Kilo 300 na mlima wa mita 100, kwa ampuli moja, usiku mmoja! Nakuomba hiyo uishike kichwani, juu watu wengi wanafikiri umeme ni kitu chepesi, kinakaa ndani ya waya tu kinangoja kuamshwa. Si chepesi. Mutu akikuambia ameupata bure toka kwa gurudumu, ujue anakuambia kuna mlima aliupanda bila kupanda. Na njo maana mazuti yanapendwa hivi duniani: lita moja ina kilowati-saa kama 10 ndani yake, sawa na bidoni 18,000 zikianguka mita 10, zote zimekaa ndani ya chupa moja.

Tuingie sasa kwa mashini yenu, tuifuate kipande kwa kipande. Weka wati 1,000 kwa moteri ya pompi. Moteri ndogo ya namna hiyo ikiwa nzima inatoa kama 75 kwa mia kwa mhimili wake, kwa hiyo 750, zingine zimekuwa joto, njo maana mwili wake unaunguza na una feni nyuma. Mukanda wa kwanza kwenda kwa gurudumu unakula kidogo, mukanda wa pili unakula kidogo, weka tano kwa mia kila mmoja, tunabaki na 677. Alternateri ya gari haikutengenezwa kuwa na uchumi, ilitengenezwa iwe ndogo na imara, inageuza kama 55 kwa mia tu: 372. Halafu alternateri inatoa volti 12 na moteri inataka 220, kwa hiyo kuna konvertisa katikati, nayo inachukua sehemu yake, 335. Uliweka 1,000 zikarudi 335. Zizungushe tena zile 335, zitarudi 112. Tena, 38. Kwa mzunguko wa tatu umebaki na 38 tu kati ya 1,000, na bado hatujawasha ampuli hata moja.

Fundi atasema, mi nitatafuta alternateri nzuri. Sawa, mpe zote nzuri, mpe zile ambazo hazipotezi hata tone, ambazo hakuna mutu duniani anazo. Zitaingia 1,000 zitarudi 1,000, na zote 1,000 zinahitajika kuzungusha moteri. Ukiunga ampuli moja ya wati tano tu umeshaiba kwa moteri, inaanza kupungua. Unaona? Kupunguza upotevu kunakufikisha karibu na sifuri, hakukuvushi upande wa pili. Puli kubwa na puli ndogo nazo hazisaidii, unapata mizunguko mingi lakini kwa nguvu ndogo, ao nguvu nyingi kwa mizunguko kidogo, ukizidisha unakuta ile ile.

Na kuna kitu unaweza kuhisi kwa mikono yako mwenyewe. Tafuta baiskeli ya zamani yenye dinamo, ile inayogusa tairi. Inua gurudumu, lizungushe na mkono dinamo ikiwa mbali: linaenda lenyewe muda mrefu. Sasa gusisha dinamo lakini toa ampuli: linapungua kidogo. Sasa rudisha ampuli, iwake. Unasikia kabisa gurudumu limekuwa zito, kama kuna mutu ameshika. Huyo anayeshika ni umeme wenyewe. Heinrich Lenz alieleza hii mwaka 1834: umeme unaouzalisha unasukuma kinyume na mwendo unaouzalisha, kila mara, na kadiri unavyochota mwingi ndivyo unavyokazwa zaidi. Kama ingekuwa kinyume chake, kama umeme ungesaidia gurudumu kukimbia, basi baiskeli yoyote yenye dinamo ingekimbia yenyewe ikaongeza mwendo mpaka ipasuke. Hiyo mimi kwangu ni moja ya hoja kali kuliko zote: mashini inayotoa ziada hata ya wati moja ingejilisha ile wati, itoe mbili, ijilishe mbili, na mbele ya saa moja kuisha ingekuwa imeyeyuka. Fundi angekuwa anatafuta namna ya kuisimamisha.

Halafu lile gurudumu zito. Watu wengi linawadanganya juu ukiligusa unahisi lina nguvu, na ni kweli linazo, lakini ni akiba tu uliyoweka mwenyewe wakati wa kulianzisha. Tuseme lina kilo 40, upana wa sentimita 50, linazunguka mara 1,500 kwa dakika. Ndani yake kuna juli kama 15,400. Moteri ya wati 750 inazimaliza kwa sekunde 20. Ampuli zenu tano, kama ni za wati tano tano, zingezimaliza kwa dakika kumi, na hiyo ni kama hakuna kingine kinachokula.

Na wewe uliona karibu saa nzima. Basi kuna kitu kingine mlikuwa hamkioni, na mi nina hakika ni bateri. Bateri ya volti 12 ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ampuli tano zinachukua 25, kuweka moteri ikizunguka bila mzigo tuseme 200 hivi, inakupa kama saa tano. Saa moja ni kitu kidogo sana kwake. Bateri hiyo ina uzito wa kilo 25 mpaka 30, kwa hiyo angalia chini: kuna sanduku la chuma limesudewa? Kuna sehemu ya chini imefunikwa na mbao? Mashini inainuliwa na wanaume wangapi?

Mi hiyo nilijifunza kwa mikono. Miaka ya nyuma niliitwa na familia moja niangalie mashini kama hiyo, yao ilikuwa na bateri ya wazi kabisa na mwenye mashini alikuwa anasema haitumii bateri, inaicharji. Vizuri, nikasema, basi tuangalie. Saa tatu asubuhi nikaweka multimeta, kile kipimo cha umeme: volti 12.6, bateri imejaa. Saa tano ilikuwa 12.3. Saa saba mchana 11.9, na kwa mutu anayejua bateri hiyo ni karibu kufa. Mwenye mashini akasema multimeta yangu ni mbovu, tukaenda kuomba ya jirani, ikaonyesha 11.9. Mama wa ile familia alikuwa ameuza mbuzi wawili. Hakulia wala hakugomba, alikaa tu kwa kiti anaangalia ile namba, na mi tangu siku hiyo nikaona hii si mambo ya kubishana kwa starehe.

Na ujue fundi wenu si wa kwanza. Mwaka 1812 kule Philadelphia, Marekani, kulikuwa na Charles Redheffer, alionyesha mashini yake watu wanalipa kuingia, halafu akaomba pesa ya mji atengeneze kubwa, kama vile tu mnavyoombwa ninyi. Mji ukatuma wakaguzi. Wakakuta chumba kimefungwa, wanaangalia kwa dirisha tu, lakini mtoto wa mkaguzi mmoja akaona jambo ambalo fundi yeyote wa geabox angeliona: meno ya gia yamelika upande usiofaa. Ile mashini ilitakiwa kuwa njo inasukuma, lakini meno yalionyesha inasukumwa. Redheffer akahamia New York mwaka 1813, akaanza tena. Robert Fulton, yule wa meli za mvuke, akaenda kuangalia, akasikia mwendo hauko sawa, unakaza na kulegea, kaza, legea, kama mkono wa mutu anayezungusha kitu. Akang'oa vipande vya mbao ukutani, akakuta kamba ya utumbo wa mnyama inapita ndani ya ukuta mpaka chumba cha juu, na kule juu kuna mzee amekaa anazungusha mkono huku anakula mkate. Mzee wa watu. Kila mashini ya namna hii, ukiing'oa mbao, kuna mzee mahali.

Sasa swali lako la pili, nani alisema haiwezekani. Hili nalipenda zaidi.

Watu walijaribu kwanza, miaka mamia. Bhaskara kule India alieleza gurudumu la namna hii karibu mwaka 1150, Villard de Honnecourt wa Ufaransa akachora lake lenye nyundo zinazoning'inia karne ya 13, na baada yao wengine wengi, wenye akili, wenye mikono mizuri, wenye pesa za wafalme. Hakuna hata moja lililozunguka. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris ikasema haitapokea tena mashini za kujizungusha kuziangalia, moja ya sababu ikiwa kwamba zimefilisisha familia nyingi. Hapo bado hakuna aliyejua vizuri kwa nini, walijua tu haziendi.

Jibu la kwa nini lilikuja karne ya 19, na lilitoka mahali ambapo hukutegemea. Julius Robert Mayer alikuwa daktari wa meli, mwaka 1840 akafika Java, kwenye joto kama la kwetu kule Uvira ao zaidi, akawa anatoa damu mabaharia kama ilivyokuwa desturi ya dawa wakati ule, akaona damu ya mishipa inayorudi moyoni ni nyekundu kuliko alivyozoea Ujerumani. Akawaza: mwili hapa hauhitaji kuchoma sana ili kupata joto. Kwa hiyo chakula, joto la mwili na kazi ya misuli ni kitu kimoja kinachobadilisha nguo. Akaandika hiyo mwaka 1842. Karibu wakati ule ule, Uingereza, James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, aliweka maji ndani ya chombo, akaweka mapanga ya kuyakoroga, akafunga mapanga kwa kamba yenye mawe yanayoshuka. Mawe yakishuka, mapanga yanakoroga, maji yanapata moto kidogo sana. Alipima hicho kidogo kwa miaka. Namba tunayotumia leo ni hii: kupasha kilo moja ya maji digrii moja unahitaji juli kama 4,186, yaani bidoni zako mbili na kidogo zikianguka mita 10. Daima namba ile ile, ukikoroga, ukisugua, ukipitisha umeme. Mwaka 1847 Hermann von Helmholtz akaiweka yote kwa hesabu. Na mwaka 1918 mama mmoja wa hesabu, Emmy Noether, akaonyesha kitu cha ndani zaidi: kama kanuni za dunia leo ni zile zile za jana na za kesho, basi lazima nishati isiongezeke wala kupungua. Vinaenda pamoja.

Kwa hiyo si sheria kama ile ya polisi wa barabara, ambayo mutu aliiandika na mwingine anaweza kuivunja akalipa faini. Watu hawakuiandika, waliisoma, kama unavyosoma kwamba maji ya mto Ruzizi yanaenda ziwa Tanganyika. Ungetaka kuivunja ungehitaji kuivunja kwa vyote, kwa chukudu, kwa damu, kwa jua, kwa ampuli, na vyote mpaka leo vinaitika hesabu moja.

Najua utauliza, na mto je? Mbona Ruzizi haisimamiki? Centrale (kituo cha umeme) ya Ruzizi ya kwanza inazungushwa na yale maji tangu 1958 na maji hayajaisha. Ni kweli, na ni swali la haki. Ziwa Kivu liko mita kama 1,460 juu ya bahari, Tanganyika iko kama 770, maji yanashuka hizo mita karibu 700 na njiani tunayachota nguvu. Lakini nani anayapandisha tena? Jua. Linapasha maziwa na bahari, mvuke unapanda, mvua inanyesha kwa milima yetu. Zima jua, na mto utakauka. Centrale ya Matebe ni hivyo hivyo, mto Rutshuru unaoizungusha hauna siri nyingine. Mwezi nao unazunguka dunia bila kusukumwa, ndiyo, kuzunguka tu bila kufanya kazi hakukatazwi, mahali hakuna msuguano kitu kinaendelea. Kinachokatazwa ni kuchota kazi humo bila kulipa. Na hata hapo kuna mwenye kulipa, ni dunia: maji ya bahari ambayo mwezi unayavuta yakajaa na kupwa yanapunguza mzunguko wa dunia pole pole na kuusogeza mwezi mbali sentimita 3.8 kila mwaka.

Sumaku, juu najua itakuja: sumaku inakuvuta ukikaribia na inakushika ukitaka kuondoka, kwa kiasi sawa. Ni bonde. Chukudu ikiingia bondeni inakimbia, ikitoka inapanda. Panga mabonde yote unayotaka kwa duara, ukirudi pale ulipoanzia hesabu ni sifuri, ukitoa msuguano ni chini ya sifuri.

Kuna moja tu ambayo ni ngumu kidogo na inadanganya hata watu waliosoma. Ziwa Kivu lina joto jingi sana ndani yake, maji ya digrii karibu 24, mabilioni ya tani. Kwa nini boti isichukue lile joto, ijiendeshe, na kuacha nyuma yake maji baridi kidogo? Hapo nishati haijatoka hewani, ipo. Na bado haiwezekani. John Gamgee alitaka kufanya hiyo kwa meli za jeshi la Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1880, kwa kuchemsha amonia, kitu kinachochemka hata kwa baridi, kwa joto la maji ya bahari. Amonia inachemka vizuri, inasukuma pistoni, lakini baadaye lazima uirudishe toka mvuke iwe majimaji tena, na kwa hiyo unahitaji mahali baridi kuliko bahari, na kule melini hakuna. Sadi Carnot wa Ufaransa alishaliona mwaka 1824: joto linafanya kazi pale tu linaposhuka toka pa moto kwenda pa baridi, kama maji yanavyofanya kazi yakishuka. Ziwa lililo sawa sawa ni kama maji mengi yaliyotulia, mengi lakini hayana pa kuanguka.

Sasa mkienda kwa fundi msigombane, mwambieni tu mnataka kuijaribu vizuri. Iwekwe juu ya meza ya mbao katikati ya uwanja, vifuniko vyote vifunguliwe, bateri zote zitolewe zipelekwe kwa nyumba ya mutu mwingine, ampuli ziwe za wati 60 zile za zamani za kuunguza, na iwake siku tatu usiku na mchana kuna mutu amelala pembeni. Akikataa hata moja ya hayo, mmeshajua. Na akikubali, ile mashini itasimama mbele hamjamaliza kuketi.

Lakini hapo mwisho wa barua yako kuna kitu mi kimenifurahisha. Unasema koko anakaa juu ya Minova, kwenye vilima. Kule kuna vijito. Mashini ya kusaga yenye moteri ya mazuti ya farasi 10 inahitaji kama kilowati saba na nusu, na kijito kinachopitisha lita 100 kwa sekunde na kuanguka mita 10 kina karibu kilowati 10 ndani yake, turbini (gurudumu linalozungushwa na maji) nzuri ya kawaida ikichukua 70 kwa mia umebaki na karibu saba, pungufu kidogo tu, inazungusha mashini ya kusaga moja kwa moja kwa mukanda, bila umeme wowote katikati. Hiyo fundi wenu anaweza kuisudea kabisa. Na kama kijito ni kidogo, lita 10 kwa sekunde na mita tano, kuna wati 490, alternateri yake ile ile na turbini ya kujitengenezea vitakupa kama 150, taa za nyumba kadhaa na simu, usiku na mchana.

Kwa hiyo ukienda kwa koko nipimie vitu vinne. Chagua sehemu kijito kimenyooka, pima upana na kina kwa mita, halafu tupa jani juu ya maji uhesabu sekunde linazochukua kwenda mita 10. Cha nne, pima maji yanaanguka mita ngapi za wima toka pale yanapoweza kukingwa mpaka pale mashini ingekaa, tumia tuyo ya plastiki yenye maji kama wanavyofanya wajenzi kutafuta livo. Pima wakati wa kiangazi, mwezi wa saba, maji yakiwa kidogo. Niandikie hizo namba tu, na nitakuambia kama koko atasaga.